Haunuki, haunukii

Mshumaa wangu wa kwanza wa manukato nilimpelekea mama jirani nikiwa nimeufunga utepe mwekundu. Akaushika, akaunusa, akaugeuza, akaunusa tena. "Mwanangu," akasema, "haunuki, lakini haunukii pia." Hapa Walukuba, Jinja, kila mlango una kabila lake na Kiswahili ndicho kinachotupatanisha, lakini sijawahi kusikia herufi moja ikiumiza namna hiyo. Nilicheka, nikarudi nyumbani, nikauwasha. Mama alisema kweli.

Kosa lilikuwa vanila. Tunailima wenyewe hapa Uganda, Mukono na Bundibugyo, nikaona aibu kununua harufu ya kutoka ng'ambo. Nikatoa kabatini kichupa cha vanila ya keki. Ile ni pombe na maji yaliyovuta ladha ya vanila, na nta ni mafuta. Nilikoroga mpaka bega likauma. Matone yakagoma, yakazama chini ya sufuria kama shanga za kahawia. Machache yaliyofika kwenye glasi ndiyo yaliyofanya moto useme tss, tss, kama kikaango kilichodondokewa na maji, kisha ukazimika.

Na kosa la pili linaniumiza zaidi, maana mimi ni muuza nafaka. Mtu anayeshinda mizanini, asiyekubali kukadiria hata nusu kilo ya njugu, alifika jikoni kwake akamimina "kidogo", halafu "kidogo tena".

Kwa hiyo kama unaanza, kabla ya manukato nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Ya dukani kwangu haina habari na gramu 12, na gramu 12 ndizo utakazozihitaji. Hesabu yake ni hivi: chukua glasi yako, tia maji mpaka pale unapotaka nta ifike, pima uzito wa maji peke yake. Nta ni nyepesi kidogo kuliko maji, basi zidisha kwa 0.9. Glasi yangu ilichukua gramu 167 za maji, kwa hiyo nta ni kama gramu 150. Manukato ninatia asilimia 8 ya uzito wa nta: hizo gramu 12. Natumia nta ya soya, na nyingi zinabeba kati ya asilimia 6 na 10. Ukipitiliza, mafuta yanatoka jasho juu ya mshumaa na utambi unaanza kutoa moshi.

Manukato yenyewe yawe ya mafuta, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa, au mafuta halisi ya mmea wenye harufu. Mimi nimetulia kwenye mchaichai. Kila mtu hapa anaunywa kwenye chai, hakuna wa kuniuliza hii ni harufu gani. Ukipenda ya vanila, ipo ya mafuta, ila ujue mshumaa utageuka rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Haujaharibika. Na tafadhali, zile karafuu na maua makavu unayoyaona yamepangwa juu ya mishumaa kwenye picha, yaache kwenye picha. Yanashika moto.

Nta inakuja kwenye kavera (ndivyo tunavyouita mfuko wa nailoni) ikiwa vipande vyepesi kama sabuni iliyokwanguliwa. Mteja mmoja aliponiona navyo aliniuliza kama ninaitengeneza kwa soya ninayomuuzia ya uji. Natamani! Ni mafuta ya soya yaliyotiwa haidrojeni mpaka yakaganda, ndugu yake mafuta ya kupikia ya mgando. Marekani ndiko ilikoanzia kuwa mshumaa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Michael Richards alipokuwa akitafuta kitu cha bei nafuu kuliko nta ya nyuki. Soya imejaa magunia dukani kwangu na nta yake naagiza kutoka mbali. Haya.

Kuyeyusha: sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji, juu ya sigiri yenye makaa machache. Usiiweke nta moja kwa moja motoni. Maji yakipata moto yanakupigia kelele; nta hainong'oni, inatoa moshi tu halafu inawaka. Ikiwaka, funika na mfuniko, na usithubutu kuimwagia maji. Mimi mfuniko unakaa pembeni ya sigiri muda wote, hata kama najiona fundi.

Utahitaji kipimajoto, na si kile cha homa. Hicho kinaishia 42, nta inataka kufika karibu 80. Ikifika hapo ninaitoa, natia manukato, nakoroga taratibu dakika mbili nikitazama saa, bila kupiga mapovu. Halafu nasubiri ishuke hadi kama 60 ndipo namimina.

Utambi uwe wa pamba, uliokwisha kupakwa nta, wenye kitako cha bati. Nakibandika chini ya glasi kwa tone la nta, na juu naushikilia katikati ya kibanio cha nguo kilicholazwa kwenye mdomo wa glasi. Unene wake unategemea upana wa glasi, na hapa hakuna njia ila kujaribu. Nilitengeneza mitatu sawasawa, tambi tofauti. Mwembamba ulichimba kisima katikati na kuacha nta yote ukingoni. Mnene uliwaka kama kibatari na kupaka masizi. Wa kati ndio ninaoutumia mpaka leo.

Glasi iwe nene. Ile nyembamba ya maji niliyoanza nayo ilipasuka usiku, ta!, nta ikatiririka hadi kwenye kitambaa cha meza alichonishonea dada yangu. Chupa za jemu zinafaa sana, na ukizipasha moto kidogo kabla ya kumimina, nta haishtuki. Upepo wa jioni hapa Jinja ukiingia dirishani, uso wa mshumaa unaganda na mashimo, kwa hiyo nafunga dirisha. Ukiona weupe kama ukungu kwenye nta, uache, soya ndivyo ilivyo.

Kisha kusubiri, na hapo ndipo wanaoanza wanaponuna. Mshumaa ukiganda leo, usiuwashe kesho. Uache wiki moja, mbili ni bora. Nta inaendelea kukaza ndani na harufu inashikana nayo. Niliwahi kuwasha mmoja siku ya pili na pacha wake siku ya 14. Wa kwanza ulinukia mezani tu, wa pili nilikutana nao mlangoni.

Siku unapouwasha mara ya kwanza, usiuzime mpaka nta iyeyuke hadi ukingoni pande zote. Kwa glasi ya sentimita 7 ni karibu saa tatu. Ukiwahi kuuzima, utarudia duara lile lile dogo kila siku. Kabla ya kuwasha tena, kata utambi ubaki milimita 5 hivi. Na nta ikibaki sentimita moja chini, basi, umemaliza.

Mama jirani nilimpelekea mwingine wa mchaichai, uliokaa wiki mbili kamili, na safari hii bila utepe. Alinusa mara moja. Hakusema neno, akaingia ndani, akatoka na chupa mbili tupu ili nimtengenezee zaidi. Moja ilikuwa ya achari. Nimeiosha kwa sabuni, nimeichemsha mara tatu, nimeianika juani siku mbili.

Inanuka.