Kingamwili iliyonila miezi mitatu

Jamani leo niwasimulie ya maabara. Tuliagiza kingamwili, yaani protini ya kinga inayonasa ile protini unayoitafuta, kutoka nje, kichupa cha maikrolita 100 tu, bei yake usiulize, kikafika eapoti kikalala wikendi nzima, tunakuja kukifungua barafu imeisha kitambo na kichupa kiko vuguvugu kama chai ya jana. Bosi akasema tujaribu hivyo hivyo. Kwenye westan bloti, kipimo kinachoonyesha protini kama mistari, ikatoka mistari mitano wakati protini yangu ni moja, nikajilaumu miezi mitatu mizima eti mimi ndo sijui kazi.

Kumbe hata bila joto ilikuwa na shida zake, ilikuwa polikloni ya sungura, yaani mchanganyiko wa kingamwili nyingi kutoka damu yake, na sungura akifa bachi inayofuata inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Ndo maana wanasayansi Köhler na Milstein walivyounganisha seli za kinga za panya na seli za saratani kule Cambridge, 1975, ilikuwa habari kubwa, ukoo mmoja wa seli, kingamwili ya aina moja, wakala Nobeli 1984. Ila hata hizo seli huwa zinabadilika au zinakufa, mimi siku hizi nataka rekombinanti, ile inayotengenezwa kutokana na jeni ambayo mfuatano wake unajulikana.

Sasa muuzaji akinipigia namuuliza kwanza, umeijaribu kwenye seli ambazo jeni ya hiyo protini imeondolewa? Maana mstari ukibaki pale pale, basi inashika vitu vya watu, protini nyingine kabisa. Wengi hapo ghafla mtandao unasumbua.