Tulivyochemsha Kanaba

Gari lilikuwa Land Cruiser ya mwaka 1992, injini ya 1HZ, dizeli, silinda sita, lita 4.2. Marehemu baba aliniachia. Injini ile haina turbo wala kompyuta, na ukiipa mafuta safi na maji inaweza kukuzika wewe ikabaki yenyewe. Kwenye hayo maji ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa Machi 2006. Uchaguzi wa Februari umekwisha, mabango ya wagombea bado yananing'inia kwenye miti. Tulitoka Bombo kabla ya alfajiri kwenda Kisoro kumposea mdogo wangu. Baba mdogo alikaa mbele akirudia hotuba yake ya posa, shangazi nyuma na gurbaba mpya, vazi la kujifunga la wanawake wa Kinubi, aliyoikunja magotini isipate vumbi, na wazee wengine wawili walisinzia tangu Kampala. Wakwe watarajiwa walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Kongo, Kiswahili chao cha Bunagana, chetu cha kambi za jeshi, kwa hiyo shenga hatukumhitaji.

Gari lilikuwa linachemsha kwa miezi kadhaa, lakini milimani tu. Nililipeleka gereji moja Kampala. Wakabadilisha pampu ya maji kwa spea niliyonunua mwenyewe soko la Kisekka. Likachemsha tena. Wakang'oa thamostati, ile vali inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, wakaitupa, wakisema hicho ni kidude cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Siku hizi fundi akiniambia hivyo nachukua ufunguo wangu naondoka, maana thamostati inailinda injini isifanye kazi ikiwa baridi, na kuing'oa hakujawahi kuzibua kitu kilichoziba. Siku ile nilikubali. Wakaliacha gari likiunguruma sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, nusu saa kivulini, sindano ya joto ikatulia katikati, wakasema limepona, nikalipa.

Masaka, Mbarara, Ntungamo, sindano haikutikisika. Tukanywa chai Kabale. Kutoka pale kwenda Kisoro barabara ilikuwa bado ya murram, kona juu ya kona, na baada ya Muko unapanda kuelekea Kanaba, pale barabara inapovuka mlima, ukiingia msitu wa Echuya, mianzi pande zote na ukungu. Gia ya pili, mguu chini. Sindano ikaanza kupanda. Nikajifanya sijaiona. Baba mdogo akaiona.

Tulisimama mvuke ukitoka kila upande wa boneti. Baba mdogo, mtu wa vitendo, akazungusha leso mkononi ili afungue kifuniko cha rejeta. Nilipiga kelele ambayo mpaka leo ananidai radhi kwa ajili yake. Ila kule juu, zaidi ya mita 2,000, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni kile kifuniko kinachobana presha. Ukikifungua yakiwa moto, yanachemka ghafla, mvuke na maji vinakurukia usoni.

Tukakaa. Watoto wakatokea msituni na jerikeni za maji ya kinamasi, wanauza. Mvua ikaanza.

Lori la maharage lililotoka Kisoro likasimama. Dereva, Mkongomani mfupi mwenye koti la mvua la kijeshi, akashuka akamsalimia shangazi kwanza: "Mama, pole." Kisha akaniuliza mimi, "Papa, moteri inachemuka ukisimama ao ukipanda?" Hakuna fundi hata mmoja wa Kampala aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikasema, nikipanda. Akangoja injini ipoe, tukaongeza maji, akaniambia niwashe. Sailensa, shwari. "Sasa kanyaga. Usiachilie."

Baba mdogo akashika usukani na kukanyaga, mimi nikaenda kuchungulia alipokuwa ananionyesha kwa kidole chenye kucha nyeusi: mpira wa chini, ule mnene unaotoa maji kwenye rejeta kuyapeleka kwenye pampu. Injini ilipopanda resi, mpira ule ulibonyea taratibu katikati, ukabapa kama mrija mtoto anaponyonya soda iliyokwisha, pande mbili zikakutana. Baba mdogo akaachia mguu, ukafumuka tena, mviringo kabisa, kama haujafanya kitu. Kumbe kule gereji usingeonekana hata wangekesha nao.

"Pampu inavuta," yule dereva akasema, "lakini rejeta haitoi. Koo imefungwa. Basi inanyonya mupira."

Alikata muanzi mwembamba kiasi cha kupita ndani ya mpira, akauviringishia waya mgumu alioutoa kwenye lori, mzunguko kwa mzunguko, akauchomoa muanzi, tukabaki na springi. Tukafungua klipu, tukaisukuma springi ndani ya mpira, tukafunga. Kazi ya dakika 40, mikono yangu imekufa ganzi. Akaonya kwamba hiyo ni ya kutufikisha tu: twende polepole, resi chini, na hita ya ndani iwashwe mpaka mwisho, kwa sababu nayo ni rejeta ndogo, inasaidia kutoa joto. Shangazi, aliyekuwa anatetemeka tangu Muko, alisema hilo ndilo jambo la kwanza la maana kufanyika kwenye gari hili. Hela yule bwana alikataa. Alichukua jerikeni moja ya maji akaondoka.

Tulivuka Kanaba sindano ikiwa juu kidogo ya katikati. Ng'ambo ukungu ukafunguka, Muhavura ikasimama mbele yetu, mita 4,127 za mlima, na wazee wakaamka kuuliza kama tumefika.

Kisoro nilimpata fundi wa rejeta. Akaiweka ya kwangu, ya shaba, juu ya mawe mawili, akaipasha moto kwenye viungio mpaka risasi ikayeyuka, akabandua tangi la juu. Nilitegemea kuona kutu. Kutu ilikuwepo, lakini imegandamana na uji wa rangi ya dhahabu iliyooza, umeziba vijibomba zaidi ya nusu. Akachokoa kwa ubapa wa chuma, ukatoka kama ugoro uliolowa.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akainama, akauchukua kwa ncha ya kidole, akausugua.

"Haya si manjano?"

Wakati wa Ramadhani rejeta ilikuwa inavuja kidogo kwenye kiungio, na mtu aliniambia manjano huziba. Kweli yaliziba. Niliingia jikoni kwake usiku nikachukua kopo.

"Mie nikamsingizia yule binti wa kazi," akasema. "Nikamfukuza."

Sikuwa na la kujibu. Fundi akaendelea kuchokoa kijibomba kimoja kimoja, akasuuza, akalehemu. Mpira mpya sikupata mjini, nikarudi Bombo na ile springi ya waya, na kwa wakwe tulifika magharibi badala ya adhuhuri.

Posa ilikubaliwa. Wakaleta sinia ya pilau, na kabla mkono wa mtu haujagusa, shangazi akamgeukia mama mwenye nyumba akamuuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, makopo yake ya viungo anayafungia wapi.