Kumbukumbu ya mradi: ugonjwa wa kubuni na jeni zisizo na hatia

Wiki ya kwanza. Nimepakua data ya wazi ya Mradi wa Jenomu 1000, yenye watu 2,504 wa jamii 26, nikachagua alama 300,000 za vinasaba, yaani sehemu za DNA ambazo watu hutofautiana. Kisha nikabuni ugonjwa usiosababishwa na jeni yoyote, nikaiachia kompyuta ichague kwa bahati nasibu nani mgonjwa na nani mzima, ili kila uhusiano wa alama na ugonjwa utakaojitokeza niujue mapema kuwa ni wa uongo. Kwa kiwango cha 0.05, yaani kila alama isiyo na uhusiano ina nafasi ya asilimia 5 ya kupita kimakosa, bahati peke yake ingeleta alama zipatazo 15,000. Ndiyo sababu watafiti hutumia 0.00000005, yaani 0.05 iliyogawanywa kwa majaribio milioni moja yanayojitegemea. Kwa kiwango hicho haikupita hata moja.

Wiki ya pili. Nimebadilisha jambo moja tu: wagonjwa wengi nimewatoa Asia Mashariki, na wengi wa kundi linganishi, yaani wazima, Ulaya. Alama zilizovuka kiwango zikawa nyingi mno, kwa kuwa mizani ilikuwa ikipima asili ya watu huku mimi nikidhani inapima ugonjwa. Nilipoingiza katika hesabu vijenzi vikuu kumi, yaani namba zinazofupisha tofauti za asili za watu, karibu zote zilitoweka, nami nikafurahi mapema kupita kiasi.

Wiki ya tatu. Safari hii wagonjwa wote wametoka upande mmoja na wazima wote upande mwingine, na hesabu imekwama kabisa, kwani asili na ugonjwa vimekuwa kitu kimoja na hakuna programu inayoweza kuvitenganisha. Hatari hiyohiyo huwapata wanaopima sampuli za wagonjwa katika awamu moja ya maabara na za wazima katika nyingine. Kuzichanganya tangu mwanzo hakugharimu kitu, ila lazima kufanywe kabla ya kipimo cha kwanza.

Wiki ya nne. Nimepandikiza alama moja ya kweli inayoongeza uwezekano wa kuugua kidogo tu, kwa uwiano wa 1.2 kati ya walio nayo na wasio nayo, na sampuli yangu haikuiona. Mwaka 2005 wagonjwa 96 na wazima 50 walitosha kuifichua jeni ya CFH katika ugonjwa wa macho wa uzeeni, lakini athari yake ni kubwa isivyo kawaida. Nilipolegeza kiwango, alama yangu ilipita katika baadhi ya marudio, na katika hayo athari yake ilionekana kubwa kuliko niliyoipandikiza. Wiki ijayo nitaipima upya kwa watu wa kuigizwa ambao hawakutumika kuigundua.