Chumba cha kazi bustanini: pesa ya kihami ianzie paani

Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, na iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Jua la mchana hapa humwagika juu ya paa kuliko ukutani. Usiku wa Julai ukiwa mkavu usio na mawingu, mabati hupoa haraka kuliko hata hewa inayoyazunguka. Kwa hivyo fundi akikuletea bajeti iliyogawa kihami (kizuia joto na baridi) sawa kwa sawa baina ya kuta na paa, mrudishie aipange upya.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3. Udongo ukiwa mwekundu, ondoa sentimita 20 za juu pamoja na mizizi, shindilia, weka mawe na maramu. Ukiwa mweusi, kama wa South C au Embakasi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba mvua ikija, chimba uutoe wote mpaka ufike pagumu. Ukiuacha, sakafu itapasuka na mlango utaanza kukwama. Zege la sentimita 10 ni mita 1.2 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) linakula mifuko 8 hivi ya saruji ya kilo 50. Chini yake tandika nailoni ya geji 1000, na wavu wa chuma wa BRC uinuliwe kwa vijiwe kabla ya kumwaga. Usikubali ile ahadi ya “tutauvuta juu zege likishamwagwa”. Hauvutwi. Sakafu ikae sentimita 15 juu ya ardhi, na usipande maua yakaegemea ukuta, maana mchwa hupenda kupita mahali usipopaona.

Kuta hazina makuu: nguzo za inchi 4x2 za saiprasi iliyotiwa dawa, kila sentimita 60 katikati hadi katikati, kwa sababu bodi ya jipsamu ina upana wa 120. Nafasi inayobaki ni kama 55. Kihami chako kikiwa pamba ya mawe (nyuzi laini za mawe yaliyoyeyushwa), ikate 56 ijibane yenyewe. Ikilegea huteleza taratibu na kuacha pengo juu. Staifomu haijibani, hivyo ikate sawasawa na uzibe kando kwa foma, lile povu la kopo linalovimba.

Sasa paa. Tumia kenchi za 6x2. Kutoka chini kwenda juu: jipsamu, kihami cha sentimita 10, nafasi tupu ya sentimita 5, karatasi ya foili iliyolazwa juu ya kenchi, kisha vibao vya 2x2, ndipo mabati ya geji 28. Upande wa foili unaong'aa utazame chini, kwenye ile nafasi tupu. Foili huzuia joto la mnururisho tu, yaani lile linalosafiri kama mwanga bila kugusana. Ikigusana na mabati, joto hupita kwa mguso kana kwamba foili haipo. Ikitazama juu, vumbi huifunika na mng'ao unakwisha.

Ile nafasi tupu lazima ipumue, kwa matundu pande zote mbili za paa, yenye wavu wa kuzuia panya. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: fundi akifika kwenye ubao wa ukingo, anaziba kila kitu ili pawe nadhifu. Basi saa kumi na mbili asubuhi, Julai, mulika tochi chini ya mabati. Utaona matone yamejipanga kama yale ya ndani ya kifuniko cha sufuria. Ni mvuke wa pumzi na birika la chai. Baada ya wiki chache dari inakuwa na doa la kahawia, mwenye nyumba anapanda kupaka lami kwenye misumari, na doa linaendelea kukua. Paa halivuji, linatoa jasho. Foili nayo ifike hadi juu ya mtaro wa maji, ili matone ya mabati yadondokee nje.

Mteremko wa nyuzi 10 ni kupanda sentimita 53 kwa upana wa mita 3. Kelele ya mvua ikikusumbua kwenye simu, pamba ya mawe inaizima kuliko staifomu.

Madirisha yaelekee kaskazini na kusini, na paa litokeze sentimita 60. Dirisha la magharibi huingiza jua la saa kumi alasiri likiwa chini, na joto likishaingia, kihami hicho hicho hulifungia ndani.

Waya za umeme zipite ndani ya paipu, zisilale juu ya staifomu: plastiki ya waya hukakamaa zikigusana kwa muda mrefu. Na staifomu inashika moto, kwa hivyo isiachwe wazi popote, hata nyuma ya kabati.

Kabla ya yote, pata kibali cha kaunti. Zege limwagwe Januari au Agosti, paa lifungwe kabla ya mvua za Machi au Oktoba. Saiprasi nyingi huuzwa mbichi. Ipange kivulini, vijiti kati ya mbao, mpaka ikauke, ndipo uigongelee jipsamu. Mbao mbichi husinyaa ukutani, na kila kiungo cha bodi huchora ufa wake kwenye rangi mpya.