Siku yangu ya jana Goma, kati ya farasi wa mbali na tshukudu ya karibu

Saa kumi na moja kasoro alfajiri. Kwetu Mabanga, mtaa wa Goma, mashariki ya Kongo, bomba likiamua kutoa maji, linatoa watu wakiwa wamelala. Mtoto wa jirani aligonga bati mara mbili, hiyo ndiyo kengele yetu, nikatoka na bidoni nne. Njia ya kurudi ni ya mawe ya volkano, na ukikanyaga vibaya kandambili inabaki nyuma. Kufika saa kumi na mbili nilikuwa nimelowa jasho kama mtu aliyeshinda kazini, na kazi yenyewe ilikuwa bado.

Chai, mkate, watoto shuleni. Hapo sina la kusimulia.

Kazi yangu ni kutafsiri. Siku nyingi ni vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya kiwanja, ripoti za mashirika. Siku tatu za juma nafanya ile ambayo mama mkwe wangu anaiita "kazi ya farasi": nasaidia kikundi cha watu wanaotaka magari ya farasi yanayotembeza watalii yaondoke mijini. Mimi ndiye ninayeandika Kifaransa chao cha watu wa kawaida, na Kiswahili chao chote, kwa ajili ya Wakongo waliohamia ng'ambo na kwa wenzetu wa pwani wanaohudumia punda. Wananilipa kidogo, kwa simu, maana tangu vita ya Januari 2025 benki za hapa zilipofunga, simu ndiyo benki. Gari lenyewe sisi tunaliita kaleshi, kwa Kifaransa cha shule, ingawa Goma nzima hakuna hata moja. Na niseme ukweli: farasi sijawahi kumgusa.

"Goma inalia," mama mkwe huniambia akichambua sombe, majani ya muhogo, "na wewe unalilia farasi wa wazungu." Mpaka jana sikuwa na la kumjibu. Hata leo sina jibu lote.

Saa mbili na nusu nilifungua kompyuta. Kulikuwa na video ya dakika nne ya kuwekewa maandishi. Ilikuwa habari ya Ryder, farasi aliyeanguka barabarani New York, Agosti 2022, siku ya joto, katika mtaa unaoitwa Hell's Kitchen. (Jiko la Jehanamu. Sisi wenye volkano ya Nyiragongo mgongoni hatukuthubutu kuita mtaa hivyo.) Farasi yuko chini juu ya lami, bado amefungwa kwenye gari, mwendeshaji anampigia kelele ainuke, kisha polisi wanammwagia maji na barafu. Siku hiyo aliinuka. Miezi miwili baadaye alikuwa amekufa. Mswada wa kukomesha magari hayo New York ukabeba jina lake, na Novemba 2025 kamati ya afya ya baraza la jiji ikaukataa.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi kiasi kwamba siioni tena. Ninachoona ni maneno. Rasimu niliyoletewa ilimwita mwendeshaji "mkatili". Nikalifuta. Mtu huyo alishtakiwa, na mwaka 2025 mahakama ikamwachia huru. Hata asingeachiwa, neno hilo linaharibu kazi: mtazamaji anamchukia mtu mmoja, anaridhika, anazima simu, na kesho yake anapanda kaleshi nyingine yenye mwendeshaji mpole. Mpole au mkali, lami ni ile ile. Kwato ziliumbwa kwa udongo. Pua ya farasi iko usawa wa moshi wa magari. Na farasi ni mnyama wa kukimbia: akishtuka, hata kwa honi, mwili wake unajua dawa moja tu, na nyuma yake kuna gari zito na familia imekaa inapiga picha.

Halafu kuna taabu ya Kiswahili chenyewe. Methali tuliyonayo juu ya mnyama wa mizigo ni ile ya *punda afe mzigo wa bwana ufike*. Nyingine inasema shukrani ya punda ni mateke. Yaani anabeba, anakufa, na bado tunamdai shukrani! Niliwahi kuwaeleza wenzangu hilo kwenye mkutano wakadhani natania.

Saa nne ukaingia ujumbe kutoka kwa mwenzangu wa Montréal. Yeye ni mtu mwema, ana haraka kila siku. Aliomba picha na maneno mawili matatu juu ya tshukudu: "usafiri wa Goma usiotumia mnyama wala mafuta". Alitaka kuiweka kwenye ukurasa wa mifano ya kuigwa. Nilifurahi. Mara ngapi mtu anaandika Goma bila kuandika bunduki? Nikachukua simu, nikapanda moto, yaani pikipiki, mpaka Rond-point Tshukudu, pale penye sanamu ya dhahabu ya mtu na chombo chake.

Wa kweli hawana dhahabu. Nilimkuta mmoja ameegemeza ya kwake ukutani kivulini, viazi magunia matano, ametoka Kibumba tangu usiku. Kwa asiyeijua: tshukudu ni mti mtupu, umbo la pikipiki, usukani kama pembe za ng'ombe, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Kwenye mteremko dereva anaipanda, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma. Kwenye mlima anashuka anaisukuma kwa kifua. Breki ni kipande cha mpira anachokikanyaga nyuma. Mahali pa goti amepigilia kandambili ya zamani ili mfupa usiote kidonda. Hiyo kandambili niliipiga picha kwanza, sijui kwa nini.

Nilimsalimia, nikamweleza ninachotafuta. Alisikiliza vizuri, kisha akaanza kuniuliza yeye.

"Mama, huyo farasi anakula nini?"

"Nyasi kavu, papa, na nafaka."

"Nani anamulipia?"

"Mwenye gari."

"Akigonjwa?"

"Kuna daktari wake."

Akanyamaza kidogo. "Anatumika masaa ngapi?"

"Kule New York sheria inasema asipitishe tisa kwa siku. Na joto likifika digrii thelathini na mbili, anarudishwa nyumbani."

Hapo akageuka kuwaita wenzake. "Mukuje! Mukuje musikie! Masaa tisa!" Wakaja watano sita. Nikajikuta nimesimama katikati kama muuza dawa. Kwa kuwa nimeshaanza, nikawamalizia: farasi huyo kwa sheria anapewa pia konje, yaani likizo, juma tano kila mwaka. Mmoja alikaa chini kabisa kwa kicheko. Mwingine akauliza maombi ya kazi yanapelekwa ofisi gani.

Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimeshaona kwamba ule ukurasa wa Montréal umeharibika. Usafiri usiotumia mnyama! Mnyama ni sisi. Na si jambo la jana. Sehemu kubwa ya Kongo farasi na ng'ombe wa kukokota hawakudumu kwa sababu ya mbung'o na malale, basi wakoloni walipotaka mizigo ifike, ilifika juu ya vichwa vya watu. Wao wenyewe walibebwa kwenye tipoye, kiti chenye miti mabegani mwa wanaume wanne. Babu yangu mzaa mama aliwahi kutuonyesha bega lake. Sikuwa nimeliunganisha na farasi hata siku moja.

Kicheko kilipopoa, yule wa kwanza akauliza, taratibu sasa: "Lakini anaweza kukatala?"

"Nani?"

"Farasi. Akisema leo hapana."

"Hawezi, papa. Akisimama anapigwa, ama anaanguka."

Akatikisa kichwa. "Basi hapo tunaachana. Miye mvua ikinyesha nategemeza hii, nalala." Akafikiri tena, akaongeza, kwa sababu ni mtu wa haki: "Ila mwisho wa mwezi, siku ya kulipa nyumba, hata miye sikatale."

Aliniomba namba ya simu ili nimtumie picha yake. Nikampa. Aliponiambia bei ya kupigwa picha nikalipa bila kubishana.

Saa saba nilikula fufu na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kwa mama mmoja karibu na Birere. Sambaza zilikuwa na chumvi mno.

Kuanzia saa nane nilikaa kuandika upya. Sikutaka kuwaambia wenzangu kwamba farasi waache kutetewa mpaka watu wa Goma watetewe kwanza. Hiyo ni hoja ya uvivu, na mama mkwe anisamehe. Ukingoja mateso yapange foleni, la mwisho halifikiwi kamwe. Nilichotaka kusema ni juu ya yule anayeshika hatamu. Karatasi zetu zote zinaanza na farasi na kuishia kwa farasi. Mwendeshaji anaingia kama adui tu. Wakati yeye ndiye anayekuja kwenye baraza la jiji na chama chake cha wafanyakazi, anasimama mbele ya wajumbe, anasema: nina watoto. Na anashinda. New York meya de Blasio aliahidi mwaka 2013 kwamba atayaondoa magari haya. Mpango wake ulianguka mwaka 2016. Magari yenye leseni pale ni 68, farasi kama 200 hivi. Watu si wengi, ila kila mmoja ana meza ya kulia chakula.

Nikatafuta mahali yalikokwisha kweli, yalikwishaje. Kwenye visiwa vya Istanbul, ugonjwa wa farasi ulipoua na kutisha mji, mwaka 2020 serikali ya jiji ilinunua farasi na leseni za wenye magari, ikaleta magari ya umeme. Bruxelles, kaleshi za katikati ya mji zimekuwa za umeme, na wageni wanaendelea kupanda. San Antonio, kule Texas, baraza lilipiga kura Desemba 2024 na kutoa muda mpaka 1 Januari 2030, ili mtu apate miaka ya kugeuza maisha. Chicago walipiga kura mwaka 2020, na kuanzia 2021 hakuna tena. Montréal kwenyewe, kwa mwenzangu, kaleshi zilikwisha na mwaka 2019. Jiji likatoa dola 1000 kwa kila farasi ili asiishie machinjioni. Nilirudi kwenye mstari huo mara mbili. Farasi dola elfu moja, vizuri sana. Kwenye karatasi yetu, mwendeshaji hana mstari.

Saa kumi umeme ukakatika. Nilihifadhi? Nilihifadhi. Lakini betri ilikuwa asilimia kumi na moja, na mkutano uko saa kumi na mbili. Nikabeba kompyuta mpaka kwa kijana mwenye jenereta anayechaji simu za mtaa, faranga mia tano simu, elfu mbili kompyuta. Nikakaa kwenye bidoni kati ya simu arobaini zinazong'aa, nikamalizia hapo, harufu ya petroli imejaa puani. Farasi wa lami, nakuelewa kidogo.

Saa kumi na mbili jioni, kwao Montréal ni saa tano asubuhi, jua limewaka dirishani kwao na mimi niko gizani nimeshika tochi. Nilisema tshukudu isiwekwe kwenye mifano ya kuigwa. Kimya. Mwenzangu akauliza kama tatizo ni ubora wa picha. Nikamwambia picha ni nzuri, tatizo ni kwamba mgongo upo, umehama tu. Nikawaonyesha ile kandambili ya goti. Mmoja wa Bruxelles akasema anaogopa tutapoteza mwelekeo, sisi ni kikundi cha farasi. Alikuwa na haki ya kuogopa. Nikajibu kwamba natoa picha moja na naomba aya moja: kwamba kila mji unapoombwa kufunga, uombwe hapo hapo fedha na kazi kwa mwendeshaji, kwa idadi na kwa tarehe, kabla farasi hajafunguliwa. Tulibishana dakika hamsini. Mtandao uliniangusha mara tatu, na kila niliporudi walikuwa bado kwenye aya yangu, nikajua itapita. Ilipita, ikiwa imepunguzwa nusu. Neno "fedha" limekuwa "msaada". Juma lijalo nitalirudisha.

Saa mbili usiku nyumbani. Mama mkwe alikuwa ameniwekea chakula chini ya sahani. Nilimsimulia habari ya konje ya farasi, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge, kisha akauliza yule papa wa Kibumba aliuza viazi bei gani.

Saa tatu na nusu nilikuwa nazima simu niokoe betri. Ukaingia ujumbe wa namba nisiyoijua:

"Mama wa farasi, ni miye wa tshukudu. Picha nimeona, asante. Swali moja. Ile konje ya juma tano, banamulipaka?"

Nilicheka peke yangu gizani. Uniti zilikuwa zimebaki za ujumbe mmoja mfupi. Nikaandika: "Hapana papa. Anakula tu."

Jibu lake likaja kabla sijaweka simu chini: "Ah. Basi sitaandika barua."