Pumu ya mwanangu na chupa ya maji

Mtaani kwetu hapa Tanga kila mtu ni daktari wa pumu. "Usimzoeshe pampu ya kuvutia dawa, mama, akishaizoea haiachi." Mwingine aliniletea asali na tangawizi, nilishukuru, tukanywea chai. Lakini hilo la kuzoea pampu lilinichosha, maana hata muuza dawa alilirudia.

Shida yetu ilikuwa nyingine. Mtoto ana miaka saba. Ukibonyeza, yeye anavuta kwa kuchelewa, dawa inaishia ulimini. Nesi akasema tutafute spesa, ile chemba inayokaa kati ya pampu na mdomo. Nilipotajiwa bei nikauliza kama ina injini. Nesi akacheka: "Basi tengeneza kwa chupa ya maji ya nusu lita."

Baba yake akajitosa. Akapasha kisu, akachoma kitako cha chupa. Plastiki ikajikunja, tundu likapitisha ngumi, na moshi wake ukajaa ndani, nyumba yenye mgonjwa wa pumu! Nikamtimua. Nikachukua waya, nikaukunja kuzunguka mdomo wa pampu hadi ukashika umbo lake, nikaupasha kwenye jiko la mkaa uani, nikaugandamiza kitakoni mara moja. Pampu ikaingia kwa kubana! Fundi ni mimi.

Kisha gundi pembeni, buku na kitu hivi, uache ikauke kabisa. Usiifanyie uvivu: mwaka 1999 daktari wa watoto Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walizipima chupa hizi kwa watoto wenye pumu, na iliyozibwa vizuri ikafanya kazi sawa na spesa ya dukani. Isiyozibwa ilibaki nyuma, na kikombe cha plastiki nyepesi kikashika mkia.

Bonyeza mara moja, mtoto apumue mara tano sita, ndipo ubonyeze tena. Chupa ioshe kwa sabuni ijikaukie yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa dawa inanata kwenye kuta zake.

Na pampu ni mbili, jambo ambalo hakuna aliyenifafanulia mapema. Ya bluu, salbutamol, inafungua kifua kikibana. Ya kahawia, beclometasone, inatuliza uvimbe wa ndani, kwa hiyo ni ya kila siku hata akiwa anacheza mpira, kisha asukutue mdomo. Ya bluu isipomsaidia, ni hospitali, si tangawizi.

Watafiti wa pumu wakiniuliza waanzie wapi, nitawaambia wachunguze kwa nini ya bluu ipo kila duka na ya kahawia unaizungukia mji mzima. Wakimaliza, wanitafutie maneno ya kumwambia mama mkwe, anayeificha ya kahawia kila mtoto akipata nafuu.