Kurudi kwenye pikipiki uzeeni: goti, presha na macho

Nimerudi kuendesha pikipiki nikiwa na umri wa miaka 66, nikiwa na shinikizo la damu ninalolitibu kwa vidonge kila siku, goti la kushoto ambalo gegedu lake, ule utando laini unaokinga ncha za mifupa, limelika, na macho yote mawili yaliyofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ninawaandikia wenzangu, hasa wanawake waliokuwa mabibi shamba, wauguzi na wakunga wa vijijini, ambao walikabidhiwa pikipiki na kazi, wakazirudisha walipostaafu, na sasa wanatamani kuendesha tena lakini hawajui wamuulize nani. Kliniki hutuuliza kuhusu chumvi, usingizi na mazoezi. Ni nadra mtu amuulize mama wa umri wangu kama anaendesha chombo cha moto, na kwa hiyo ni nadra apewe ushauri unaomhusu kweli.

Nilijifunza pikipiki katika miaka ya 1980 wilayani Lushoto, katika milima ya Usambara, wakati mradi wa hifadhi ya udongo wa SECAP, uliosaidiwa na Ujerumani, ulipokuwa ukihimiza wakulima kupanda majani ya guatemala na miti kwenye kontua, yaani mistari inayoukingama mteremko, ili mvua isichukue udongo wa miteremko yao. Kwa kazi hiyo nilipewa Yamaha DT 125, mashine ndefu yenye injini ya kuchoma oili pamoja na petroli, isiyo na stata, ambayo ilibidi niipige kiki kwa nguvu kila asubuhi ya baridi. Mwanamke juu ya pikipiki alikuwa kitu cha kutazamwa wakati ule, na wazee wa Malindi na Mlalo, hukohuko Lushoto, walinitazama kwa muda kabla hawajaanza kunisikiliza. Niliipenda kazi ile, na ninasema bila kuona haya kwamba niliipenda pikipiki yenyewe pia.

Wanangu waliposikia kwamba ninataka kununua pikipiki, jibu lao lilikuwa moja: mama, panda bodaboda. Walisema hivyo kwa upendo, lakini hoja hiyo inahitaji kupimwa kuliko inavyopimwa katika familia nyingi. Abiria wa bodaboda huanguka pamoja na dereva, juu ya barabara ileile, na mara nyingi bila kofia ngumu kichwani, na siku ya gulio huweza kubanwa mishikaki na watu wengine wawili. Hachagui mwendo, hachagui saa ya kuondoka, hawezi kukataa kulipita lori kwenye kona, na mwenye goti bovu hulazimika kutanua miguu nyuma ya mtu mwingine bila kuwa na uhuru wa kusimama anapoumia. Kwa mzee anayeishi mjini Lushoto na mwenye shamba upande wa Lukozi, swali si kama atapanda pikipiki au la, kwa sababu kutembea hawezi na gari hana. Swali ni nani atakayeshika usukani, na kwa masharti ya nani.

Masharti hayo, kwa upande wangu, yamewekwa na magonjwa yangu, na nimeona kwamba kila ugonjwa una jibu lake katika mashine, katika ratiba ya siku, au katika barabara yenyewe. Nianze na goti, kwa kuwa ndilo lililoamua aina ya pikipiki. Anayesimama kwenye mlima huacha mguu wa kulia ukanyage breki ya nyuma, na mguu wa kushoto ndio unaoshuka chini kubeba uzito wa mashine na wa mwendeshaji. Kwangu mguu huo ndio mgonjwa. Kwa hiyo pikipiki ndefu kama ile ya zamani sikuifikiria hata kidogo, pamoja na mapenzi yote niliyokuwa nayo kwayo. Nilitafuta ya kawaida ya kihindi, ile ambayo vijana wa kijiweni wanaifanyia kazi, yenye kiti cha chini kiasi kwamba nyayo zangu zote mbili zinakanyaga ardhi nikiwa nimekaa, yenye stata ya kubonyeza ili nisipige kiki, na yenye leva ya gia ya kukanyaga kwa vidole mbele na kwa kisigino nyuma, ili nisilazimike kuinua leva kwa vidole kila ninapobadilisha gia. Leva hiyo ni jambo dogo kwa kijana, lakini kwa mtu ambaye goti lake limevimba linamaanisha tofauti kati ya kufika shambani akiwa mzima na kufika akiwa anachechemea.

Nimejizoeza pia kusimama kwa mguu wa kulia pale ambapo mteremko unaruhusu, nikiizuia mashine kwa breki ya mbele. Wengi wetu tulifundishwa kuiogopa breki hiyo, na wapo vijana wanaoilegeza makusudi kwa imani kwamba itawapindua. Ukweli ni kwamba unapofunga breki uzito huenda mbele, gurudumu la mbele likashika barabara zaidi, na kwenye lami kavu nguvu kubwa ya kusimamisha hutoka huko, mradi mkono ubane taratibu na usukani uwe umenyooka. Kwenye changarawe na tope ninaigusa kwa tahadhari kubwa. Ninaposhuka kutoka Soni kwenda Mombo, kwenye zile kona zinazofuatana juu ya korongo, ninaiacha injini inizuie kwa gia ndogo, kwa sababu vidole vyangu navyo vina yabisi na haviwezi kubana breki kwa muda mrefu bila kuchoka. Injini za siku hizi, ambazo hazichanganyi oili na petroli, huzuia vizuri zaidi kwenye mteremko kuliko ile ya DT, na hilo limenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, goti lilihitaji kuimarishwa. Mtaalamu wa viungo alinifundisha kuinyoosha miguu nikiwa nimekaa, na kuinuka kitini bila kushika chochote, ili misuli ya mbele ya paja ipate nguvu na kulipunguzia goti mzigo. Mazoezi haya hayarudishi gegedu lililolika, lakini hupunguza maumivu na humpa mtu uthabiti anapoweka mguu chini ghafla. Sikununua pikipiki mpaka nilipoweza kuyafanya bila kusita.

Sasa nije kwenye dawa, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Maumivu ya goti huwapeleka wazee wengi kwenye duka la dawa kununua diklofenaki, nami nilikuwa miongoni mwao, mpaka mfamasia mmoja, baada ya kuuliza ninatumia dawa gani nyingine, alinieleza kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kupandisha shinikizo la damu, kupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya presha na kuumiza figo zinapotumika kwa muda mrefu. Mtu anayemeza diklofenaki asubuhi ili goti limruhusu kuendesha huenda anaisukuma juu presha yake safari nzima. Tangu hapo ninatumia parasetamoli na dawa ya kupaka, na siku ambayo hizo hazitoshi pikipiki haitoki.

Vidonge vya presha vyenyewe vina tabia zao. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na mwenye kuvimba hivyo asinunue viatu vya kumbana asubuhi, kwa sababu jioni havitamfaa. Dawa ya kupunguza maji mwilini humfanya mtu ahitaji choo mara kwa mara katika saa za mwanzo, na kujizuia huku unaendesha huondoa akili barabarani. Mimi huimeza mapema na kuondoka baada ya kishindo chake kupita. Jambo zito zaidi ni kizunguzungu cha kuinuka, ambacho huwapata wengi wanaotumia dawa za presha, na wanaume wanaotumia baadhi ya dawa za tezi dume pia, hasa dozi inapoanza au inapobadilishwa. Daktari akinibadilishia dozi, pikipiki hukaa ndani mpaka nijue mwili umeipokeaje. Ninapima presha nyumbani kabla ya safari ndefu, na nikiona iko juu sana au chini kuliko kawaida yangu, mtu wa shamba hupigiwa simu aendelee bila mimi. Dawa ya mafua ya aina ya piritoni nayo huleta usingizi, na kwa mzee usingizi huo hukaa mpaka kesho yake.

Sina kisukari, lakini dada yangu anacho, na aliponiuliza kama naye anaweza kujifunza nilimwambia aanze kwa kuuliza daktari maswali mawili. La kwanza ni kama dawa zake, hasa insulini au glibenklamaidi, zinaweza kushusha sukari ghafla kiasi cha kumchanganya akili, na afanye nini likitokea hilo njiani. La pili ni kama nyayo zake bado zina hisia kamili, kwa sababu mguu uliokufa ganzi haujui umekanyaga breki kwa nguvu kiasi gani.

Macho yangu yalipokuwa na mtoto wa jicho, taa za magari zilitawanyika mbele yangu kama miiba, na mchana wa jua kali niliona ukungu ambao wengine hawakuuona. Upasuaji, ambao huondoa lenzi iliyofifia na kuweka ya bandia, ulinirudishia rangi za milima, na nilisubiri mpaka daktari wa macho aliposema vumbi na upepo havina hatari tena. Lakini upasuaji haurudishi ujana wa jicho. Mboni ya mzee haifunguki gizani kama zamani, na inakadiriwa kwamba, mboni hiyo ikichangiwa na lenzi ya asili iliyozeeka, mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni takriban theluthi moja ya unaofika katika jicho la kijana wa miaka 20. Kwa hiyo usiku siendeshi kabisa. Kuanzia Juni mpaka Agosti, ukungu unapoukalia msitu wa Magamba mpaka saa nne asubuhi, ninasubiri upande wa chini hata kama nina haraka.

Mwendo nao umebadilika kwa sababu ya hesabu ambayo kila mwenye umri wetu anapaswa kuifanya. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki huenda karibu mita 17 kila sekunde. Ikiwa macho na mkono vinahitaji sekunde moja na nusu kati ya kumwona mbuzi na kubana breki, mita 25 zimekwisha kabla mashine haijaanza hata kupunguza mwendo. Kwa kilomita 40 kwa saa ni mita 17 hivi. Miitikio yetu hupungua kasi kadiri miaka inavyoongezeka, na hakuna dawa ya kulibadilisha hilo, lakini mwendo uko mikononi mwetu. Vijana hunipita, wakati mwingine wakipiga honi, na ninasogea kushoto ili wapite.

Kuhusu kuanguka sitasema mengi, kwa sababu kila mmoja anajua. Ila mwanamke aliyekoma hedhi ajue kwamba mifupa yake hupoteza madini kwa kasi baada ya homoni ya estrojeni kupungua, na kwamba anguko ambalo kijana huinuka nalo akijipangusa linaweza kumvunja yeye kifundo cha mkono au nyonga. Ninavaa jaketi nene, glavu, viatu vya kufunika vifundo, na kofia ngumu inayofunika uso mzima, iliyofungwa kamba. Mapitio ya tafiti nyingi yameonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, na sijaona kifaa kingine cha bei hiyo kinachofanya kazi kubwa namna hiyo.

Nilianza upya kwenye uwanja wa mpira, asubuhi ambazo hapakuwa na watoto. Kijana mmoja wa kijiweni, aliyekuwa ameniamkia kwa heshima miaka yote bila kujua kwamba niliwahi kuendesha, alikubali kunisimamia. Siku ya kwanza alitaka kukaa nyuma yangu anishikie usukani. Nilimwomba asimame pembeni anitazame breki tu. Baada ya kuzunguka kwa muda alisema, "Bibi, klachi unaijua kuliko mimi, ila unageuza macho kabla hujageuza shingo." Alikuwa amesema kweli: shingo yangu imekakamaa, na nilikuwa nikidhani nimetazama nyuma kumbe nimeona pembeni tu. Tuliongeza vioo vipana zaidi, nami nikaanza mazoezi ya shingo kila asubuhi. Ningemshauri kila anayerudi atafute mtu wa namna hii, anayemheshimu vya kutosha kumwambia ukweli.

Jambo la mwisho ni makubaliano niliyoyafanya na wanangu, na ndiyo yaliyowafanya wakubali. Tumeandika mambo yatakayonisimamisha, tukayaandika wakati nikiwa mzima na mwenye akili yangu, kwa kuwa nimewaona wazee wengi wakibishana kuhusu afya zao wakati afya imeshaharibika. Nikipata kizunguzungu ambacho daktari hajakieleza, nikishindwa kusimamisha mashine kwenye stendi ya kati peke yangu, nikianza kusahau njia ninayoijua, au daktari wa macho akisema sioni vya kutosha, ufunguo utakwenda kwa binti yangu mkubwa, naye hatalazimika kunibembeleza. Mwezi ujao ninarudi kliniki ya macho na ya mifupa. Daktari wa mifupa ameanza kuzungumzia upasuaji wa kubadilisha goti, na nikiukubali nitakaa miezi kadhaa bila kuendesha. Nimeshamwomba yule kijana awe anaiwasha pikipiki kila juma katika muda huo, ili betri isife.